Siku Mbili za Hema Kando ya Ruvuma

Nilikwenda Kilambo kumtafutia kasoro mtu ambaye nilikuwa sijamwona. Naliandika hili mwanzoni ili watu wa kwetu Mikindani, walioniona nikipakia hema, vitanda na birika kwenye lori kama bwana mpimaji, wajue kwamba haikuwa starehe tupu. Starehe ilikuwapo, na nitaisimulia kwa sababu ilistahili kusimuliwa, lakini siyo iliyonitoa nyumbani.

Kilichonitoa ni posa. Mdogo wangu Somoe alikuwa ameposwa na kijana wa Kilambo aitwaye Selemani, mwenye kazi ya kuvusha watu kwa mtumbwi katika mto Ruvuma. Selemani alimwona Somoe alipokuja Mikindani kumtembelea shangazi yake, jirani yetu, siku ambazo mimi niko kazini. Mjomba wake, Mzee Mfaume, ndiye aliyekuwa mshenga. Alikuja kwetu mara mbili, akaongea kwa adabu, na mara ya pili nilimwahidi jibu Jumatatu baada ya Idi.

Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, nikiwa darasa la tatu. Niliacha shule nikawalea Somoe, Juma na Fatu. Sina majuto. Lakini Somoe alipokua, ndiye aliyeishika nyumba. Juma na Fatu wakienda shule wamekula na nguo zao ni safi, ni kazi ya mikono yake. Kwa hiyo posa ilipokuja, usiku ule ule nilianza kumwomba Mungu huyo kijana awe mlevi, au mvivu, au awe na mama mkali. Nilitaka kukataa kwa haki.

Mwaka ule bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa, nami nilikuwa mshona turubai katika kambi ya wapimaji. Hema moja kubwa, lenye mapaa mawili, baraza ya mbele na kijichumba cha kuogea nyuma, lilichanika vibaya likatolewa kazini. Niliomba nipewe, nikapewa. Kwa miezi minne nililishona uani kwangu, na palipokosa turubai ya rangi yake nilitia kiraka kikubwa chekundu cha turubai ya lori. Rafiki zangu wawili walikuwa wakija kunisaidia. Mmoja ni Bakari, mpishi katika nyumba ya wageni ya mainjinia. Mwingine ni Hamisi, dereva wa lori la mfanyabiashara wa nafaka. Tumejuana tangu jandoni, na hawa ndio watu pekee wanaoweza kuniambia lolote.

Idi ilipoangukia katikati ya wiki, tulipewa ruhusa mpaka Jumapili. Hamisi alikuwa anakwenda Kilambo Jumamosi kuchukua mpunga na kurudi Jumapili mchana. Ndipo Bakari alipotoa wazo.

"Hema limekwisha," alisema. "Twende tukalale ndani yake kama wapimaji wenyewe wanavyolala. Nitaleta kitambaa cha meza."

"Na huyo mkwe wako utamtazama bila kujulikana," Hamisi akaniambia. "Sema wewe ni mtalii wa Mikindani."

Nilikubali kwa sababu hiyo ya pili.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, lori lilisimama mbele ya nyumba. Upepo wa kusi ulikuwa baridi na Fatu alitoka amejifunga shuka mpaka kichwani kututazama. Tulipakia hema, vitanda vitatu vya turubai, chandarua, meza ya kukunja, zulia la mama yake Hamisi, taa ya kandili, na sanduku la Bakari ambalo hakuruhusu mtu mwingine alibebe kwa sababu lilikuwa na vikombe vya kauri. Somoe aliniletea mikate ya kumimina imefungwa kwenye jani la mgomba. Nilikuwa nimemwambia tunakwenda kupumzika mtoni. Hakuuliza mto gani.

Saa mbili tuliipita Mtwara, bado ina harufu ya saruji na mbao mpya, tukashika njia ya kusini. Nimekaa pwani hii maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuitazama nchi ya nyuma yetu kwa macho ya mtu asiye na haraka. Mikorosho ilikuwa inaanza kuchanua, maua madogo ya waridi yasiyojionyesha mpaka uyakaribie. Chini yake watu walikuwa wamefagia majani yote, shamba baada ya shamba, ardhi safi kama ua wa msikiti. Juu ya mapaa ya nyasi kulikuwa na makopa ya muhogo yanaanikwa, meupe, hata ukadhani kijiji kizima kimepakwa chokaa. Katika kila kijiji Hamisi alipunguza mwendo na watu wakamwita kwa jina.

Njiani walinitania bila kupumzika.

"Ukimkuta ana jicho moja?" Bakari aliuliza.

"Nitakataa."

"Na akiwa na macho mawili mazima?"

"Labda anakoroma," Hamisi akasema. "Tutakwenda kusikiliza dirishani."

Saa nne na nusu tulifika Kilambo. Mto ulikuwa mpana kuliko nilivyofikiri, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo, nchi ya Mreno, miti ilionekana midogo kama majani. Katikati kulikuwa na visiwa vya mchanga, na juu ya kimoja ndege weupe wamesimama kwa mstari. Tulisimama juu ya lori, watu wazima watatu, tukatazama tu. Hamisi, ambaye huuona mto huo kila wiki, alitazama nasi kama ndiyo mara yake ya kwanza.

Hapo kivukoni nilimwona Selemani. Hakuna aliyenionyesha; nilisikia watu wakimwita kwa jina. Alikuwa kijana mrefu, amesimama nyuma ya mtumbwi na upondo mkononi, na wachuuzi watano walikuwa wakimgombeza kwa sababu alikataa kuwapakia wote pamoja na magunia yao ya chumvi.

"Sisi tumevuka hapa kabla hujatahiriwa," mmoja alisema.

"Basi mnaujua," Selemani alimjibu. "Watatu sasa. Wawili nitawarudia."

"Na tukichelewa soko?"

"Nitakuja mimi kumwambia mwenye soko kwamba kosa ni langu."

Wakacheka, wakapungua. Nilitazama mtumbwi ukiondoka. Kila baada ya hatua chache aliuchomeka upondo chini akaupima mchanga, kwa kuwa mto ule huhamisha mchanga wake, na njia ya jana si lazima iwe ya leo. Aliporudi kuwachukua wale wawili, jua lilikuwa halijasogea sana.

Sisi tulitaka mahali pa mbali kidogo na kivuko, upande wetu huu huu wa mto, ila kwa miguu njia ilikuwa imezibwa na matete. Nilimwendea nikamsalimu, nikasema sisi ni watu wa mjini, tunataka kuteremshwa chini na mizigo yetu. Alinitazama, akautazama mzigo, akautazama tena.

"Huu ni mzigo wa sultani, kaka," alisema. "Safari tatu."

"Ukiipanga vizuri, ni mbili," nikasema. Nilikuwa namjaribu. Mtu wa tamaa ya kumaliza kazi angekubali.

"Nikiipanga vizuri kabisa, ni tatu."

Tukaenda tatu.

Saa saba mchana, baada ya swala, tulikuwa peke yetu kwenye ukingo mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Nyuma kulikuwa na mitufaa ya porini na mkuyu mmoja mkubwa, mbele mto. Mimi ndiye bingwa wa mahema, kwa hiyo ndiye niliyechagua mahali. Palikuwa na ukanda wa ardhi uliosawazika, hauna hata jani, unatoka kwenye nyasi na kushuka taratibu mpaka majini, kana kwamba mtu ameulima na kuukanyaga kwa ajili yetu. Niliwaambia wenzangu kwamba mpimaji yeyote angelipia mahali kama pale. Tukalisimamisha hema. Lilipokaza kamba na kujaza upepo, kiraka chekundu kikiwa begani, Hamisi alivua kofia.

Tukatandika zulia. Bakari alifungua sanduku lake, akatandaza kitambaa cheupe mezani, akapanga vikombe, kisha akakaa kitini na kukunja miguu.

"Mimi ndiye bwana kwa saa moja," alisema. "Wiki nzima nawapikia watu. Hamisi, chai."

Hamisi alileta chai.

"Kikombe huwekwa hivyo? Mkono wake unatazama wapi? Rudi nacho uje upya."

Hamisi alirudi nacho, akaja upya, ameinama mpaka ndevu zinakaribia maziwa. Tulicheka mpaka Bakari mwenyewe akamwaga chai kwenye kitambaa chake. Halafu nikawa bwana mimi, wakaniletea mikate ya Somoe kwenye sahani, imekatwa pembe tatu, na maji ya moto ya kuogea katika kile kijichumba cha nyuma. Nawaambieni, kuoga maji ya moto ndani ya turubai uliyoishona mwenyewe, huku mto unapita, na hakuna mtu anayekuhitaji kwa lolote, ni jambo ambalo sikujua kwamba lipo. Nilikaa humo muda mrefu. Nilitoka nikiwa na aibu kidogo, kwa kuwa sikuwa nimewakumbuka wadogo zangu kwa saa nzima.

Saa kumi na nusu tuliona mtumbwi unakuja, unaendeshwa kwa nguvu dhidi ya upepo. Alikuwa Selemani peke yake. Hakushuka kwanza. Alisimama ndani ya mtumbwi akalitazama hema.

"Samahanini," alisema. "Nimeona paa lenu kutoka kivukoni. Hapo mmejenga barabarani."

"Barabara ya nani?" nikauliza.

"Ya kiboko."

Bakari alishusha kikombe. Selemani alishuka akatuonyesha: nyasi zilizolala kwa pande mbili, tuta dogo katikati, na samadi iliyotawanywa kichakani ambayo sisi tuliidhani ya ng'ombe. Kila jioni kiboko hutoka majini kwenda kula, na hupita pale pale alipopita jana. Akikuta kitu njiani hakizunguki.

"Mshona turubai," Hamisi aliniambia kwa upole, "mpimaji gani vile angelipia hapa?"

Selemani hakucheka. Alishika vigingi vya hema akaanza kuving'oa. Tulihamia juu, nyuma ya ule mkuyu, hatua kama themanini, na yeye alibeba zulia kichwani na vitanda viwili mgongoni, na alikaa nasi mpaka kamba ya mwisho ilipokazwa. Jua lilikuwa linazama. Nilimwambia asubiri anywe chai, akasema mama yake anamngoja kwa futari, kwa maana walikuwa wanafunga zile siku sita za Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Nikatambua kwamba amepiga kafi dhidi ya upepo na kubeba vitanda vyetu akiwa amefunga, tangu alfajiri hajanywa hata maji, huku mimi nikila mikate pembe tatu.

Jumapili alfajiri tulipotoka kuswali tulikwenda kutazama. Nyayo zilikuwa mahali pale pale hema liliposimama kwanza, kila moja pana kama sinia, na pale palipokuwa na kitanda changu palikuwa na shimo la unyayo limejaa maji. Bakari alipima unyayo ule kwa viganja viwili, akanawa mikono, akarudi kuwasha moto.

Saa moja asubuhi Selemani alikuja tena, kama tulivyokuwa tumekubaliana, kutuonyesha mto ulivyo chini. Maji yalikuwa yanatoka kwenda baharini, yakatuchukua bila jasho. Nataka kueleza niliyoyaona, na najua sitaweza. Mto ulizidi kupanuka mpaka kingo zikawa mistari miwili tu. Mikoko ilianza, kwanza mmoja mmoja, halafu ukuta mzima, mizizi yake imesimama majini kama watu waliopandisha nguo wavuke. Viboko kumi na mmoja walikuwa wamelala karibu na kisiwa cha mchanga, masikio tu juu, na Selemani aliwapita kwa mbali sana, kimya, na alitutaka nasi tuwe kimya. Kisha alinipa maji kwenye kata.

"Onja, kaka."

Yalikuwa na chumvi kidogo.

"Ukitoka hapa kwenda chini, mto si mto tena," alisema. "Hapa ndipo ninapopapenda mimi."

Tulikaa hapo tumeshika tawi la mkoko mpaka maji yakageuka na kuanza kupanda, na hayo hayo yaliyotushusha yakaturudisha.

Saa tano tulikunja hema na kurudi kivukoni. Selemani akasema mama yake amepika, maana yeye mwenyewe alikuwa amefunga lakini wageni hawafungi. Nyumba yao ni ya udongo, pana, imezungukwa na mikorosho, na mkeka wa wageni ulikuwa umeshatandikwa barazani. Mama yake alitoka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya furaha. Alimsalimia Bakari, akamsalimia Hamisi na kumuuliza habari za mama yake. Aliponifikia mimi, alivuta upande wa kanga usoni, akasimama ubavu, akamwambia Bakari:

"Mwulizie mwenzenu, wadogo zake hawajambo?"

Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Bakari alinigeukia, na nikaona uso wake unabadilika.

"Wadogo zako hawajambo?" aliniuliza.

"Hawajambo," nikamjibu Bakari.

"Hawajambo," Bakari alimwambia mama.

Kisha chakula kikaja: wali wa mpunga mpya na samaki wa mto kwa nazi. Sinia moja ya Bakari na Hamisi. Na sahani yangu peke yangu, imefunikwa kawa, imewekwa upande wa pili wa mkeka, na mama akaingia ndani asinione nikila. Hivyo ndivyo kwetu mkwe anavyoheshimiwa, nami nilikuwa nimesimama mahali pa baba wa Somoe. Hamisi aliegemea kwangu.

"Mtalii wa Mikindani," alinong'ona, "umeshajulikana."

Nilimtazama Selemani. Alikuwa anachezea ukingo wa mkeka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mlipoteremsha mizigo, shemeji. Mjomba wangu alipokuja kwenu mara ya kwanza, mlimkalisha uani juu ya hema lililokunjwa. Alirudi akatusimulia kwamba amekalia turubai yenye kiraka chekundu kikubwa kama mlango."

Nilikuwa nimeficha jina langu, kazi yangu na safari yangu, nikasahau kuficha kitu kikubwa kuliko vyote nilivyobeba. Hamisi alilala chali kwa kicheko.

"Kwa nini hukusema?" nikauliza.

"Hukujitambulisha. Mtu akija kutazama, nimwache atazame."

"Na hukungoja kiboko anitazame."

"Kiboko hajui habari za posa," alisema, na ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Nilikula sahani yangu yote. Mama yake alipita nyuma ya mlango akasema na Bakari tena, kwa sauti ya kunifikia: amwambie mwenzake kwamba yeye ana mtoto mmoja tu, na anajua ni nini kutoa mtu nyumbani, na kwamba hakuna anayemharakisha. Nilikuja na orodha ya kasoro, na katika nyumba hiyo mtu pekee aliyefanya la kuonea haya alikuwa mimi.

Saa nane mchana tuliondoka, tumekaa juu ya magunia ya mpunga. Njia ilikuwa ile ile na mikorosho ile ile, ila rafiki zangu hawakunitania. Tulipokaribia Mtwara Bakari alisema, bila kunitazama, "Kupika si kazi ngumu. Nitakuwa nakuja Alhamisi na Jumapili mpaka ujue." Hamisi alisema Kilambo anakwenda kila Jumamosi, na kiti cha mbele kina nafasi ya watoto wawili.

Magharibi nilifika nyumbani. Juma na Fatu walikuwa wanarudia masomo yao mlangoni. Somoe alikuwa jikoni, anakuna nazi. Nilikaa kwenye kigogo kando yake, na kabla sijapoteza moyo nikamwambia yote: kwamba nilikwenda Kilambo, kwamba nilikwenda kutafuta sababu ya kukataa, na kwamba sikuipata.

Aliendelea kukuna.

"Kaka, Mzee Mfaume amekuja hapa mara mbili," alisema. "Bakari amekuuliza, Hamisi amekuuliza, na wewe umekwenda mpaka kwa viboko kuuliza. Mimi hujaniuliza."

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye walii wake, wa kumwozesha, na nilikuwa nimeyapima mambo yote ya ndoa hiyo isipokuwa moyo wake. Nilidhani nalinda nyumba. Nilikuwa nimemgeuza mdogo wangu kuwa nguzo ya nyumba, na nguzo haiulizwi.

"Basi nakuuliza," nikasema. "Unamtaka?"

Aliweka mbuzi ya nazi chini akanifuta macho kwa ncha ya kanga yake, kama anavyomfanyia Fatu.

"Namtaka," alisema. "Lakini kesho ukimjibu Mzee Mfaume, usijibu kwa uso huu. Atadhani tunazika mtu."

Jumatatu sikwenda kazini mpaka saa tatu. Mzee Mfaume alikuja, nikamkalisha kitini, Bakari akiwa kando yangu kama shahidi. Nilimjibu mwenyewe, nimesimama, na Somoe yuko nyuma ya pazia anasikia. Nimewahi kushona mahema ya watu wanaokwenda mbali sana, na sikuwahi kuelewa wanachokwenda kukiona. Sasa nafikiri mtu akisafiri huelewa alichokwenda kukiona siku ile anaporudi na kuwatazama aliowaacha. Ndiyo, nilimwambia mzee. Na uso wangu, Bakari ananishuhudia, ulikuwa mzuri.